Safari Katika Nchi za Mawe Yenye Maandishi



Mtu aingiapo Aya Sofia katika mji wa Istanbul, jambo la kwanza alifanyalo ni kuinua kichwa alitazame kuba. Nami nilifanya vivyo hivyo, kisha nikaswali rakaa mbili za kuamkia msikiti. Jengo hilo lilimalizika mwaka 537 likiwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453 Sultan Mehmed alipoufungua mji, likageuzwa makumbusho katika karne iliyopita, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Sakafu ya chini leo ni ya wenye kuswali, na wageni watazamaji hupandishwa ghorofa ya juu.

Nami baada ya swala nilipanda huko juu. Upande wa kusini wa ghorofa hiyo pana ukingo wa marumaru, mahali ambapo watu huegemea wakatazama chini. Juu ya ukingo huo mna mistari midogo iliyochongwa kwa ncha ya chuma. Kwa mamia ya miaka watu waliipita wakidhani ni mikwaruzo tu. Mwaka 1964 bibi mmoja mtaalamu wa Uswidi, jina lake Elisabeth Svärdström, alitambua kwamba mistari ile ni maandishi, na kwamba ni herufi za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya ziitwazo runi. Mengi yamekwisha kulika kwa kuguswa na mikono. Lililobaki likasomeka ni jina la mtu: Halfdan, maana yake, aliye nusu Mdenmark.

Watu wa kaskazini wa zama hizo walikuwa wakija Istanbul, ambao wakati huo ukiitwa Konstantinopoli, kuwa askari walinzi wa makaisari wa Rumi. Huenda Halfdan alikuwa mmoja katika watu wa namna hiyo. Alisimama mahali niliposimama mimi, ibada isiyokuwa ya lugha yake ikiendelea chini, naye akatoa kisu akaandika jina lake.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu nikijiuliza: Herufi hizi zilitoka wapi? Kila moja ina maana gani? Na imekuwaje watu wenye herufi zao wenyewe wakaziacha, hata wajukuu wao wakaziona mikwaruzo? Swali hili la tatu ndilo lililonishika zaidi, kwa sababu nitakayoieleza mwisho wa makala hii. Kwa ajili yake nilifunga safari ya kwenda Uswidi.

Asili ya herufi hizo

Nilifika Stockholm wakati wa kiangazi, wakati ambapo jua la huko huchelewa kuzama hata msafiri akapotewa na nyakati zake. Ijumaa niliswali katika msikiti mkubwa wa mji, uliofunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo la kale lililokuwa la kuzalishia umeme. Humo niliwakuta ndugu Wasomali, Waarabu, Waturuki na wengineo, nami nikajiona niko nyumbani. Kesho yake nikaenda katika nyumba ya makumbusho ya historia.

Jiwe linalostahili kutazamwa kwanza katika habari hii laitwa jiwe la Kylver. Lilipatikana mwaka 1903 katika kaburi la kisiwa cha Gotland, nalo ni la kiasi cha mwaka 400. Juu yake zimechongwa herufi zote ishirini na nne kwa mpangilio wake, kama mtoto wa chuoni aandikavyo alif, be, te juu ya ubao wake. Mpangilio huo si wa a, b, c. Huanza kwa f, u, th, a, r, k, na kwa herufi hizo sita za mwanzo wakaiita alfabeti yao futharki. Herufi ishirini na nne waligawanya mafungu matatu, kila fungu herufi nane.

Maandishi ya runi ni ya kale kuliko jiwe hilo. Huko Denmark, katika bwawa la Vimose, liliokotwa kitana cha mfupa chenye neno moja la runi, nacho ni cha kiasi cha mwaka 160. Huko Norwe, katika mwaka 2021, wachimbaji walipata kaburini jiwe jingine ambalo wataalamu walilikadiria kuwa huenda likawa na umri mkubwa kuliko hata kitana hicho.

Wataalamu wamekhitilafiana kuhusu mama wa herufi hizi. Wako wasemao ni za Kirumi, wako wasemao ni za makabila ya Italia ya kaskazini yaliyokaa chini ya milima ya Alpi, na wako wachache wasemao ni za Kiyunani. Lakini sikiliza jambo la ajabu, ewe msomaji. Herufi za Kirumi, na za Italia, na za Kiyunani, zote asili yake ni moja, nayo ni herufi za Wafoinike, watu wa pwani ya Sham. Kutoka kwa Wafoinike hao hao zilitoka herufi za Kiarami, kutoka Kiarami zikatoka za Wanabati, na kutoka kwa Wanabati zikatoka herufi zetu za Kiarabu. Basi runi ya b na bee yetu ni watoto wa ukoo mmoja. Runi ya r na ree yetu ni ndugu. Na runi ya f, iliyo ya kwanza katika futharki, asili yake ya mbali ni ile ile herufi ya Kifoinike iliyozaa wau yetu. Mwenye kuchonga jiwe katika theluji na mwenye kuandika juu ya ngozi katika jua la Hijazi walinywa katika kisima kimoja, wala mmoja wao hakumjua mwenziwe. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, kwamba kukhitilafiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake kwa wenye ujuzi.

Sura ya herufi hizo nayo ina sababu yake. Watazame mistari yake: imesimama au imelala mshazari, wala hapana mviringo, wala hapana mstari uliolala sawasawa. Hizo ni herufi za mtu mwenye kisu na kipande cha ubao. Mti una nyuzi zake, na mstari upitao sambamba na nyuzi hupotea au huupasua ubao, kwa hiyo mchongaji hukata kwa kukingama. Zamani waliandika kutoka kulia kwenda kushoto na kutoka kushoto kwenda kulia, kama mahali palivyomwelekea mchongaji.

Maana za majina yake

Kila runi ina sauti, na kila runi ina jina, na jina hilo ni neno kamili la lugha yao ambalo karibu siku zote huanza kwa sauti ile ile. Hii ndiyo desturi ya Wafoinike pia, kwani alif kwao ilikuwa ni ng'ombe dume, na bee ilikuwa ni nyumba.

Majina hayo tumeyapata hasa katika mashairi ya kukumbushia yaliyoandikwa Uingereza, Norwe na Iceland. Kiasi cha miaka 700 hadi 800 baada ya Nabii Isa (A.S.) watu wa Skandinavia waliipunguza alfabeti yao ikabaki herufi kumi na sita, nami nitazieleza hizo, maana ndizo zilizojaa juu ya mawe ya Uswidi.

Ya kwanza ni fé, maana yake mifugo, kisha ikawa mali yoyote. Kwao, kama ilivyokuwa kwa Waarabu wa jangwani na kama ilivyo kwa wafugaji wengi wa kwetu, mali ilikuwa ni mnyama kabla haijawa fedha. Ya pili ni úr, ambayo Waingereza wa kale waliifasiri kuwa ng'ombe mwitu mwenye pembe kubwa, na watu wa Iceland wakaifasiri kuwa manyunyu ya mvua. Ya tatu ni thurs, jitu la kutisha. Waingereza walipokwisha kuingia katika Ukristo wakaliita jina jingine, mwiba. Ya nne ni áss, mmoja wa waungu wao wa kipagani. Huko Norwe baadaye wakasema ni mdomo wa mto. Ya tano ni reið, kupanda farasi na kusafiri. Ya sita ni kaun, jipu.

Fungu la pili ni la baridi na shida. Lina hagall, mvua ya mawe; nauð, dhiki; íss, barafu; ár, mwaka mwema wa mavuno; na sól, jua. Na fungu la tatu lina Týr, jina la mmoja wa waungu wao wa vita, bjarkan, mti wa huko wenye gome jeupe, maðr, mwanadamu, lögr, maji, na ýr, mti ambao mbao zake hufaa kwa kufanyia pinde.

Ukizisoma kwa mfululizo utaiona nchi yao yote: ng'ombe zizini, farasi njiani, barafu ziwani, dhiki ya majira ya baridi, kisha jua na mavuno, na mwanadamu katikati yake akiogopa majipu na majitu. Wakati mwingine herufi moja iliandikwa ikasomwa jina lake zima. Kusini ya Uswidi kuna jiwe la karne ya saba, liitwalo jiwe la Stentoften, lisifulo mtu kwa kuwaletea watu wake mwaka mwema, na neno hilo "mwaka mwema" limeandikwa kwa runi moja tu.

Kupunguzwa kwa herufi kulikuwa na taabu yake. Runi moja ilibeba t na d pamoja, nyingine ikabeba k na g, nyingine b na p. Msomaji alitakiwa aelewe kwa maana ya maneno. Wazee wetu wa mwambao hawangeshangaa kwa jambo hili, kwani walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, bee moja iliwatosha kwa b, p na mb, na mwenye kuijua lugha hakukosea.

Ujinga wa zamani na ujinga wa leo

Neno lenyewe "runi" katika lugha za kale za huko lina maana ya siri. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba runi zilikuwa ni uchawi mtupu. Sivyo. Mwaka 1955 sehemu ya bandari ya Bergen, huko Norwe, iliungua kwa moto, na watu wa elimu walipochimba chini ya majivu walipata mamia ya vipande vya miti vyenye runi. Mlikuwa na vibandiko vya majina ya wenye mizigo, barua za biashara, dua, mzaha, maneno ya mapenzi, na kipande kimoja ambacho kwacho mtu anaambiwa kwamba mwanamke fulani anamtaka arudi nyumbani. Haya ni mambo ya soko na ya nyumba, kama ya watu wote.

Hata hivyo, uchawi nao ulikuwako. Wapagani hao walisema kwamba mungu wao Odin ndiye aliyezipata runi baada ya kuning'inia mtini siku tisa. Na katika kisa kimoja cha Iceland, kiitwacho saga ya Egil, husimuliwa kwamba Egil aliingia katika nyumba yenye binti mgonjwa. Akapekua kitandani akapata mfupa wa nyangumi wenye runi, zilizochongwa na kijana aliyetaka kupendwa na binti yule. Kijana hakuzijua vema herufi, akakosea, na badala ya mapenzi akamzidishia maradhi. Egil akazikwangua, akautia mfupa motoni, akaonya kwamba asichonge herufi mtu asiyeweza kuzisoma.

Nilipokisoma kisa hiki nilicheka, kisha nikahuzunika. Je, sisi hatunao waandikao vikaratasi wakavishona hirizi, hali hawajui walichoandika, na anunuaye hajui alichonunua? Nasi tunayo nuru ambayo Egil hakuwa nayo.

Na ujinga wa leo si haba. Katika maduka ya Ulaya na Marekani leo huuzwa vifuko vyenye vijiwe vya runi ili mtu avitoe kimoja kimoja avisome kama bao la ramli, ajue kama ataolewa au atapata kazi. Aliyeieneza sana desturi hiyo ni mwandishi mmoja wa Marekani, Ralph Blum, kwa kitabu chake cha mwaka 1982, akaongeza hata kijiwe kitupu kisicho na herufi, ambacho wazee wa kaskazini hawakupata kukijua. Muislamu ajihadhari. Waarabu wa Jahiliya nao walikuwa na mishale ya kupigia ramli, na Mwenyezi Mungu ameiharamisha katika Sura Al-Maida, aya ya 3 na aya ya 90. Na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arubaini.

Ubaya mwingine ulikuwa mkubwa zaidi. Watu wa Hitler walizichukua runi wakazifanya alama za kiburi cha rangi, na runi mbili za s zikawa nembo ya askari wao walioua watu kwa mamilioni. Herufi haina dhambi, lakini mwanadamu huweza kuibebesha dhambi zake.

Kwa hiyo, kijana wetu, jifunze herufi kwa elimu, usizitumie kwa ushirikina wala kwa kiburi. Mtume wetu (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu mwezi. Kujua hati ya watu wengine ni katika sunna ya wenye akili.

Jiwe la mama

Kutoka Stockholm nilipanda meli ndogo ya moshi iliyoanza kazi mwaka 1903, ambayo wakati wa kiangazi huchukua watu kwa kiasi cha saa tatu na nusu juu ya ziwa Mälaren hata mji mdogo wa Mariefred. Hapo pana ngome ya Gripsholm, nyekundu, yenye minara ya mviringo, na nje ya ngome pamesimamishwa jiwe refu. Juu yake amechongwa joka aliyejipinda, na runi zimepangwa ndani ya mwili wake.

Jiwe hilo lilisimamishwa na mwanamke aitwaye Tola kwa kumkumbuka mwanawe Harald, ndugu wa Ingvar. Ingvar alikuwa kiongozi wa msafara uliotoka Uswidi kiasi cha mwaka 1036 kwenda mashariki, na wengi wao wasirudi. Mawe yapatayo ishirini na sita yanawataja watu wa msafara huo. Jiwe la Tola linasema kwamba walikwenda mbali kutafuta dhahabu, wakapigana mashariki, wakafa kusini katika nchi ya Serkland.

Na Serkland ndiyo nchi ya Waislamu! Hilo ndilo jina walilotupa. Niliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, juu ya majani kando ya ziwa, nikarudi tena mbele ya jiwe lile. Mama alingoja. Kisha habari zikafika, naye asiyekuwa na kaburi la kuzuru akaita mchongaji. Leo karibu miaka elfu imepita, na Muislamu kutoka pwani ya Afrika amesimama hapo akayasoma majonzi yake.

Uswidi peke yake ina zaidi ya mawe elfu mbili ya namna hii, na mengi katika hayo ni ya wazazi kwa watoto, wake kwa waume na watoto kwa wazazi. Mengine yanataja kwamba mtu fulani amejenga daraja au njia ya kuvukia bwawa kwa ajili ya roho ya maiti wake. Jambo hili linatukumbusha sadaka yenye kuendelea, ijapokuwa wao walikuwa Wakristo wapya na itikadi zao si zetu.

Waislamu nao waliwaona watu hao. Mwaka 921 Khalifa Al-Muqtadir alipeleka wajumbe kutoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Bulghari wa mto Volga, aliyeomba afundishwe dini na ajengewe msikiti. Katika wajumbe hao alikuwamo Ahmad bin Fadhlan. Mwaka 922 alikutana na wafanya biashara wa Rus kando ya mto huo, akaandika habari za mavazi yao, uchafu wao na maziko ya mkubwa wao aliyechomwa moto ndani ya jahazi. Na mwisho wa maziko, asema, walisimamisha gogo la mti wakaandika juu yake jina la maiti na jina la mfalme wa Rus. Hakututajia ni herufi gani, lakini wengi wameona kwamba hapo Muislamu alizitazama runi kwa macho yake. Baada ya miaka kama sitini Ibn An-Nadim wa Baghdad naye alinakili katika kitabu chake, Al-Fihrist, mfano wa maandishi ya Rus yaliyochongwa juu ya kipande cha mti. Wanachuoni wetu hawakudharau hata mwandiko wa watu waliowaona washenzi.

Kalima chini ya ardhi

Safari yangu ilikwisha katika kisiwa cha Gotland, mjini Visby. Katika makumbusho ya huko pamewekwa hazina iliyopatikana mwaka 1999 katika shamba la Spillings: fedha ya uzito wa kilo 67, ndani yake sarafu zaidi ya elfu kumi na nne, na karibu zote ni dirham za Kiislamu.

Niliinama juu ya kioo. Hati ya Kufi ilikuwa wazi. Kalima ya tauhidi imeandikwa katikati, na pembeni jina la Mwenyezi Mungu, mji ilipopigwa sarafu, na mwaka wa Hijra. Nikaisoma kwa sauti ndogo, pale pale, La ilaha illa Llah. Watu wa Gotland walizipata dirham hizi kwa kuuza ngozi, nta na watumwa. Walizipima kwa mizani, wakazikata vipande, nyingine wakazikwaruza runi na alama zao kwa ncha ya kisu. Kalima ilikuwa viganjani mwao, nao hawakuijua kuwa ni Kalima. Waliiona ni fedha. Kisha wakaifukia, ikalala ardhini zaidi ya miaka elfu moja.

Sasa nitaeleza kwa nini swali lile la Istanbul lilinishika.

Nyumbani kwetu liko kasha la marehemu babu. Alipofariki tulikuta humo karatasi nyingi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Sisi wajukuu sote tumekhitimu Msahafu. Tulizichukua tukazitukuza, tukadhani ni dua, tukazifunga katika kitambaa safi tukaziweka juu ya kabati. Miaka tisa zilikaa huko. Siku moja akaja mwalimu mzee kututazama, akaziomba, akavaa miwani, akaanza kusoma. Na kumbe alikuwa akisoma Kiswahili! Mojawapo ilikuwa ni wasia: babu aliweka wakfu minazi ya upande wa kisima, mapato yake yanunuliwe mafuta ya taa ya msikiti na yalishwe mayatima. Nasi kwa miaka tisa tulikuwa tumeila minazi ile.

Yule mzee hakutukemea. Alisema tu, "Wanangu, herufi mnazijua. Hamkujua kwamba zinasema nanyi." Tuliketi tukahesabu, tukalipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha, na leo minazi ile iko mahali pake pa wakfu. Lakini aibu ile haijaniondoka.

Watu wa kaskazini hawakuziacha runi siku moja. Dini mpya ilikuja na vitabu vyake vya herufi za Kirumi. Shule zikafundisha hizo. Runi zikabaki kwa mkulima, kwa mchuuzi, kwa mama wa nyumbani, na katika jimbo moja la Uswidi, Dalarna, zikafika hata karibu na zama zetu. Mwaka 1611 mwanachuoni wao Johannes Bureus alipiga chapa kitabu cha kuwafundishia watoto runi, lakini alikuwa kama mtu ashikaye maji yanayokwisha kupita. Leo Waswidi hulipa wataalamu wakawasomea mawe ya babu zao.

Nasi je? Barua za Kiswahili za mwaka 1711, zilizotoka Kilwa, zimehifadhiwa Goa huko India, nazo zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mashairi ya wazee wetu, hesabu za biashara, talaka, wakfu na wasia vimo katika hati hiyo hiyo, katika makasha ya nyumba zetu wenyewe. Sisemi tuziache herufi za Kirumi. Makala hii mwaisoma kwa hizo, nazo zina faida yake. Nasema tu kwamba mtoto wetu hujifunza alif, be, te chuoni kwa ajili ya Kurani, basi amekwisha kupata ufunguo. Kilichobaki ni kumwonyesha mlango wa pili.

Enyi wazazi, jioni moja katika juma kaeni na watoto wenu, mwandike kwa herufi hizo jina la kila aliye nyumbani, na jina la babu na la bibi. Enyi vijana, kabla wazee hawajaondoka, fungueni makasha, waulizeni, andikeni wasemayo. Huenda mna deni ndani yake, au dua, au salamu iliyowangoja ninyi. Aya za kwanza zilizomshukia Mtume wetu (S.A.W.) zilikuwa amri ya kusoma na utajo wa kalamu, na sisi ndio umma tulioamrishwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, atusamehe tuliyoyala kwa kutojua, na atujaalie kuwa katika wenye kusoma wakafahamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.